Filamu za Kitamil: Namna ya Kuzitambua, Kuzichagua na Kuzipata Ukiwa Kibaha au Kisarawe

Ingia duka lolote la muvi, liwe la Maili Moja, la Mlandizi au la Kisarawe mjini, usome mafungu waliyobandika ukutani: Bongo Muvi, Kikorea, Kichina, Kifilipino, Kihindi. Fungu hilo la Kihindi ndilo lililovurugwa kuliko yote. Humo kuna filamu za Kihindi chenyewe kutoka Mumbai, za Kitelugu kutoka Hyderabad, za Kimalayalam kutoka Kerala, za Kikannada kutoka Bengaluru, na za Kitamil kutoka Chennai, mji ambao hadi mwaka 1996 uliitwa Madras. Mtu anaomba "Kihindi kizuri", kijana wa duka anamwekea chochote kwenye flash, na mteja anarudi nyumbani bila kujua ametazama nini. Akiipenda, hajui namna ya kupata nyingine ya aina ileile.

Kitamil kinastahili kujulikana kwa jina lake. Ni lugha ya watu zaidi ya milioni 70, wengi wao katika jimbo la Tamil Nadu kusini mwa India. Inazungumzwa pia kaskazini na mashariki mwa Sri Lanka, na ni mojawapo ya lugha rasmi za Singapore. Haina undugu na Kihindi. Mtamil wa kijijini aliyetua Mumbai anaweza kukwama kununua chai kama ambavyo mimi na wewe tungekwama. Na sinema yake ina zaidi ya miaka 100: filamu bubu ya kwanza ya kusini, Keechaka Vadham, ilitengenezwa Madras na R. Nataraja Mudaliar katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza, na ya kwanza kusikika Kitamil, Kalidas, ilitoka Oktoba 1931.

Utaijuaje?

Anza na maandishi. Herufi za Kihindi zinaning'inia chini ya mstari mmoja mrefu, kama nguo kwenye kamba. Herufi za Kitamil hazina mstari huo. Kila moja imesimama peke yake, nyingine zina kona na nyingine zimepinda, na juu ya baadhi yao utaona nukta. Za Kitelugu na Kimalayalam nazo hazina mstari, lakini ni za mviringo zaidi na hazijai nukta hizo. Usiangalie majina ya waigizaji mwanzoni, maana mara nyingi huandikwa Kiingereza. Angalia mabango ya madukani na kuta za mitaani ndani ya filamu yenyewe.

Njia ya pili ni namba za magari. Gari lililosajiliwa Tamil Nadu lina namba inayoanza na TN. MH ni jimbo la Mumbai, KL ni Kerala, KA ni Karnataka, AP ni Andhra Pradesh ya Watelugu. Mwenye kutafsiri anaweza kubadilisha sauti, jina la filamu, hata majina ya wahusika, lakini namba ya basi haigusi.

Ya tatu ni masikio. Kama sauti ya asili bado ipo, sikiliza watu wanavyoitana. Kaka mkubwa ni anna, mdogo wa kiume ni thambi, dada mkubwa ni akka, baba ni appa, mama ni amma, na salamu ni vanakkam. Ukisikia bhai au bhaiya, hicho ni Kihindi, au ni Kitamil kilichoingiziwa sauti za Kihindi. Hilo la pili utaligundua kwa midomo: inafungwa wakati neno bado linaendelea.

Na kama nakala haijakatwa mwanzo, subiri cheti. Kila filamu inayopita bodi ya ukaguzi ya India, CBFC, inatakiwa kuonyesha cheti chake kabla ya kuanza, na humo lugha imeandikwa pamoja na daraja la umri. Nakala nyingi za mtaani zimekata sehemu hiyo ili kumpa DJ, yaani mtafsiri wa Kiswahili, nafasi ya kujitangaza.

Safari ya filamu hadi kwenye flash yako

Filamu ya Kitamil inayofika Kongowe au Maneromango kwa kawaida imepita mikono mingi. Kwanza imeingiziwa sauti za Kihindi huko India ili iuzwe kaskazini, na mara nyingi imebadilishwa jina. Anniyan ya mwaka 2005 ikawa Aparichit. Indian ya 1996 ikawa Hindustani. Kaadhalan ya 1994, ile yenye Prabhu Deva akicheza kana kwamba hana mifupa, ikaitwa Humse Hai Muqabla. Enthiran ya 2010 wengi wetu tunaifahamu kama Robot. Baada ya hapo DJ wa Kiswahili anaweka sauti yake juu ya hiyo ya Kihindi, akifuata maandishi ya Kiingereza yaliyo chini ya picha, akiongeza utani wake na kumpa adui jina la mtaani.

Sina ugomvi na ma-DJ. Kazi ya kutafsiri muvi kwa mdomo ilijengwa na watu kama Lufufu, ambaye sauti yake ilijaza vibanda vya video vya Dar es Salaam na vya mikoani enzi za kanda za VHS, na bila wao wazee wengi wasingefuatilia hadithi hata moja ya nje. Ila ujue unachokosa. Filamu ya Kitamil imejengwa juu ya maneno. Mashabiki wa Chennai hukariri sentensi za steringi kwa miaka 30, na nyimbo hupeleka hadithi mbele. DJ akifika kwenye wimbo, ama anauruka ama anauongelea juu. Kama unasoma Kiingereza kidogo, itazame filamu moja kwa sauti yake ya asili na maandishi chini, halafu ulinganishe mwenyewe.

Wazee wako waliziona bila kujua

Babu na bibi waliokuwa wakipanda basi kwenda Dar miaka ya 1960 kuona sinema za Empire, Avalon au Odeon, au waliobahatika kufika Drive-In iliyofunguliwa mwaka 1966 pale ulipo leo ubalozi wa Marekani, walikwenda kuona Raj Kapoor, Dilip Kumar na Rajesh Khanna. Zilikuwa filamu za Kihindi, kweli. Lakini sehemu ya filamu hizo zilitoka Madras. Chori Chori ya 1956, yenye Raj Kapoor na Nargis, ilitengenezwa na AVM, studio ya Mtamil A. V. Meiyappan. Insaniyat ya 1955, iliyowaweka Dilip Kumar na Dev Anand pamoja, iliongozwa na S. S. Vasan wa Gemini Studios, mtu yuleyule aliyetoa Chandralekha mwaka 1948 kwa Kitamil na kisha kwa Kihindi, yenye wachezaji juu ya ngoma kubwa zilizojaa uwanja mzima.

Na Haathi Mere Saathi ya 1971, ile ya Rajesh Khanna na tembo? Mtayarishaji wake alikuwa Sandow M. M. A. Chinnappa Thevar, Mtamil aliyependa wanyama kwenye filamu zake, na mwongozaji alikuwa mdogo wake, M. A. Thirumugam. Mwaka uliofuata wakaitengeneza upya kwa Kitamil, ikaitwa Nalla Neram.

Waigizaji wa kike ndiyo usiseme. Vyjayanthimala alitoka Madras. Hema Malini ni Mtamil. Rekha ni binti wa Gemini Ganesan, nyota mkubwa wa Kitamil. Sridevi alianza akiwa mtoto katika filamu za Kitamil, na kabla ya kufika Mumbai alikuwa tayari nyota wa kusini. Mama yangu mzazi angekula kiapo kwamba Sridevi ni "Mhindi wa Bombay", yaani Mumbai.

Miaka ya 1950 hadi 1970: jukwaa na serikali

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sijui nchi nyingine ambako sinema iliingia ikulu kwa namna hii. Mwaka 1952 ilitoka Parasakthi, ikimtambulisha kijana aliyeitwa Sivaji Ganesan. Maneno yake yaliandikwa na M. Karunanidhi, mwanasiasa wa chama cha DMK, na yalishambulia ukasisi, dhuluma na umaskini kwa Kitamil cha juu ambacho watu walikikariri kama mashairi. Mwaka 1967 DMK kikashinda uchaguzi wa jimbo chini ya C. N. Annadurai, naye alikuwa mwandishi wa filamu. Karunanidhi akamfuata kama waziri mkuu wa jimbo mwaka 1969.

Halafu kuna M. G. Ramachandran, MGR. Kwenye filamu alikwepa kucheza mlevi au mwonevu. Alikuwa mvuvi, mkulima, dereva wa riksho, mtetezi wa mama mjane. Januari 1967 mwigizaji mwenzake, M. R. Radha, ambaye kwenye filamu alikuwa adui wake, alimpiga risasi kweli, shingoni. MGR alishinda kiti chake cha ubunge akiwa kitanda cha hospitali, ingawa sauti yake haikurudi kuwa ileile. Mwaka 1977 akawa waziri mkuu wa Tamil Nadu na akafa madarakani Desemba 1987. Mwigizaji aliyecheza naye filamu 28, J. Jayalalithaa, naye aliliongoza jimbo hilo kuanzia 1991, kwa vipindi kadhaa. Mwaka 2024 nyota mwingine, Vijay, alianzisha chama chake cha siasa.

Kwa hiyo ukitazama Nadodi Mannan ya 1958 au Aayirathil Oruvan ya 1965, usishangae steringi akisimama katikati ya pambano kuhutubia umati. Alikuwa anazungumza na wapiga kura. Na kama unataka kuona uigizaji mtupu wa enzi hizo, tafuta Veerapandiya Kattabomman ya 1959. Ndiyo iliyompa Sivaji tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la filamu la Afrika na Asia jijini Cairo mwaka 1960. Kupiga kelele kwake leo kunaweza kukuchosha. Vumilia nusu saa, sikio litazoea.

Kijiji, kisha kondakta

Mwaka 1977 mwongozaji Bharathiraja alitoka studio akaenda kupiga picha vijijini. Filamu yake 16 Vayathinile ina msichana anayetaka kuwa mwalimu, kilema anayempenda kimya kimya, na mhuni wa kijiweni anayemcheka kila mtu. Wahusika hao ni Sridevi, Kamal Haasan na Rajinikanth, wote vijana bado. Mwaka uliotangulia, Ilaiyaraaja, naye mtoto wa kijijini, alikuwa ameanza kutunga muziki wa filamu kwa Annakili, akiingiza nyimbo za shambani kwenye sinema. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipindi bora kwa mtu wa Kisarawe kuanzia. Mashamba, visima, umbea wa barazani, mahari, wanaume waliofunga shuka nyeupe kiunoni: hakuna kitakachokuwa kigeni kwako isipokuwa lugha.

Rajinikanth kabla ya sinema alikuwa kondakta wa basi mjini Bengaluru. Alionekana mara ya kwanza katika Apoorva Raagangal ya mwongozaji K. Balachander mwaka 1975, na miaka 20 baadaye, kwa Baashha ya 1995, alikuwa nusu mungu. Humo ni dereva wa riksho mpole aliyeficha kwamba zamani alikuwa mbabe wa Bombay. Filamu nyingi za steringi mpole mwenye siri zilizokuja baadaye zimechota hapo.

Kamal Haasan alikwenda njia nyingine. Nayakan ya mwongozaji Mani Ratnam, 1987, inamfuata jambazi kutoka utoto hadi uzee, na jarida la TIME liliiweka kwenye orodha yake ya filamu 100 bora mwaka 2005. Mani Ratnam huyohuyo alitoa Roja mwaka 1992, filamu ya kwanza ya mtunzi A. R. Rahman, ambaye mwaka 2009 alipata tuzo mbili za Oscar kwa Slumdog Millionaire.

Na kwa Watanzania kuna kichekesho kimoja. Enthiran ya mwongozaji Shankar ina wimbo unaoitwa Kilimanjaro. Rajinikanth na Aishwarya Rai wanaucheza katika magofu ya Machu Picchu, nchini Peru. Mlima wetu ulitumika kwa jina tu.

Za karne hii, na zile zilizorudi kwa Kihindi

Mtindo wa Mumbai kununua hadithi za Kitamil umekuwa mkubwa mno, na hapa ndipo watu wa dukani wanapochanganya zaidi. Ghajini ya Aamir Khan ya 2008 ni marudio ya Ghajini ya Suriya ya 2005, na mwongozaji wa zote mbili ni A. R. Murugadoss. Singham ya Ajay Devgn inatokana na Singam ya 2010. Vikram Vedha ya 2017 ilirudiwa na Hrithik Roshan mwaka 2022. Kaithi ya 2019, ambayo yote inatokea usiku mmoja bila wimbo hata mmoja, ikawa Bholaa mwaka 2023. Theri ya Vijay ikawa Baby John mwaka 2024. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua ya Kitamil. Sijaona hata moja kati ya hizi ambayo marudio yake yameipita ya asili, labda Ghajini kwa mapigano.

Tahadhari moja: RRR na Pushpa si za Kitamil, ni za Kitelugu. KGF ni ya Kikannada. Baahubali ilitengenezwa kwa Kitelugu na Kitamil pamoja, kwa hiyo hapo hakuna mshindi wa ubishi.

Kama utatazama moja tu ya miaka ya karibuni, iwe Kaaka Muttai ya M. Manikandan. Ndugu wawili wadogo wa mtaa wa mabanda jijini Chennai wanaokota makaa kando ya reli na kuyauza. Uwanja wao wa kuchezea, penye mti walikokuwa wakichukua mayai ya kunguru na kuyanywa mabichi, unauzwa, na juu yake linajengwa duka la piza. Wanataka kuonja piza hiyo. Inauzwa karibu rupia 300, na wao kwa siku wanapata rupia chache sana. Bibi yao anajaribu kuwapikia ya nyumbani, anamwaga unga wa dosa, chapati nyembamba ya kwao, juu ya kikaango, anapanga nyanya na pilipili hoho, na wale watoto wanaiangalia kwa dharau: haina zile nyuzi zinazovutika. Hakuna ngumi ya steringi wala gari linaloruka. Mtoto wa miaka minane ataielewa, na mzazi wake ataona jambo jingine.

Wanaopenda mambo ya haki na mahakama waende Jai Bhim ya 2021, juu ya wakili anayewatetea watu wa kabila lililodharauliwa walioteswa na polisi. Pariyerum Perumal ya Mari Selvaraj, 2018, inamhusu mwanafunzi wa sheria wa tabaka la chini na mbwa wake Karuppi. Soorarai Pottru ya 2020 inatokana na maisha ya G. R. Gopinath, mwanzilishi wa shirika la ndege la bei nafuu. Wapenzi wa risasi wanazo Vikram ya 2022 na Leo ya 2023.

Kuhusu watoto

Madaraja ya India ni haya: U ni ya wote, UA inahitaji mzazi, A ni ya watu wazima. Tangu 2024, UA imegawanywa kwa umri wa miaka 7, 13 na 16. Jai Bhim ilipewa A kwa sababu ya mateso yanayoonyeshwa. Vikram, Leo na Maharaja ya 2024 zina damu nyingi, na hiyo ya mwisho ina unyama dhidi ya mtoto wa kike. Kibanda kikionyesha filamu za namna hiyo saa kumi jioni huku watoto wa shule wakiwa benchi la mbele, mzazi una haki ya kusema. Hapa kwetu Bodi ya Filamu ndiyo yenye jukumu la kukagua na kupanga madaraja, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Na. 4 ya 1976, na uonyeshaji wa filamu kwa umma unahitaji kibali. Malalamiko yanaweza kuanzia kwa mtendaji wa mtaa au kwa ofisa utamaduni wa halmashauri.

Kuzipata, na gharama

Filamu nyingi za Kitamil ziko Netflix na Prime Video, na Jai Bhim na Soorarai Pottru zilitolewa na Prime moja kwa moja. YouTube zipo za bure zilizowekwa na wenye haki zao. Chaneli ya Goldmines, kwa mfano, imejaa filamu za kusini zenye sauti ya Kihindi. Andika jina la asili la Kitamil kwenye kutafuta, maana ukiandika jina la DJ utaletewa vipande.

Bando ndilo tatizo. Filamu ya Kitamil kwa kawaida ni saa mbili na nusu. Kwa ubora wa chini kabisa wa Netflix inakula karibu MB 300 kwa saa, yaani chini ya GB 1 kwa filamu nzima. Ubora wa HD unaweza kufika GB 3 kwa saa, na hapo bando la wiki limekwisha kabla ya mapumziko. Weka ubora wa chini kwenye simu, pakua usiku kama kifurushi chako kinaruhusu, tazama kesho yake.

Sinema kubwa ziko Dar. Mtu wa Kibaha anashuka Mbezi na kuunganisha hadi Mlimani City kwenye Century Cinemax. Wa Kisarawe anapitia Pugu na Gongo la Mboto. Filamu za kusini huja zikiwa kubwa, na mara nyingi kwa siku chache tu. Piga simu kwanza uulize mambo mawili: itaonyeshwa kwa lugha gani, na inaisha saa ngapi. Ukitoka saa sita usiku, daladala ya kurudi Maneromango hutaipata.

Kuhusu flash: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda hata filamu ya mgeni, na kunakili, kutafsiri au kuonyesha kwa malipo bila ruhusa ya mwenye kazi ni kosa. Duka unalonunua linaweza kufungwa, na mzigo kuchukuliwa. Wenye maduka na vibanda wanaotaka kufanya biashara kwa utulivu waanzie COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na Bodi ya Filamu kuulizia utaratibu. Na wote wanaobandika karatasi ukutani, nawaomba jambo dogo: mbele ya kila filamu andikeni lugha yake, jina lake la asili na mwaka.